Kuku wa Voi walilala mchana

Mwaka 1980 mama yangu alikuwa msichana wa miaka kumi na minne, akiishi Voi kwa mjomba wake aliyefanya kazi ya reli. Jumamosi ya tarehe 16 Februari, mjomba alifunga madirisha yote, akaziba mianya kwa magunia na kuwakusanya watoto chumba cha kati. Alikuwa amesikia kwamba jua litapatwa na atakayelitazama atapofuka. Mama hakuona kitu siku ile. Anachokumbuka ni sauti. Kuku walirudi bandani wakinung'unika, pakawa kimya cha usiku wa manane, halafu jogoo akawika kana kwamba kumepambazuka. Milango ilipofunguliwa jua lilikuwa limekwisha rudi mahali pake, na adhuhuri ilikuwa bado haijaingia.

Kivuli cha mwezi kilikuwa kimepita juu ya bati la nyumba ile. Watu walikuwa wamepanda ndege kutoka mabara mengine kuja Kenya ili wasimame chini ya kivuli hicho, na mama alikuwa chini yake bila kusafiri hatua moja, ndani ya mlango uliotiwa komeo.

Habari hii aliniambia nikiwa mdogo, Tanga, siku tulipokaa barazani umeme umekatika. Aliisimulia kwa sababu ya wale kuku, maana kuku wanaolala mchana ni kichekesho kizuri kwa mtoto. Mimi nilibaki na mlango. Nimekaa nao kichwani mpaka leo, na naamini ndio ulionipeleka Rujewa mwaka 2016 na Bellefontaine mwaka 2024.

Naishi Columbus, Ohio. Tarehe 8 Aprili 2024 kivuli cha mwezi kilitoka Mexico, kikapanda Texas, kikavuka Indiana na Ohio hadi Maine na Kanada. Katikati ya jiji letu palibaki nje ya njia hiyo kwa kilomita chache tu. Hapo jua lingefunikwa zaidi ya asilimia 99, na wenzangu kazini waliuliza kwa nini nihangaike kwa ajili ya kile kipande kidogo kilichobaki. Wanaojua hawaulizi hivyo. Jua lililofunikwa asilimia 99 bado ni mchana. Mwanga unafifia, unapata rangi ya bati, lakini ni mchana. Usiku unashuka pale tu uzi wa mwisho unapokatika. Kwa hiyo tulipanga magari matatu twende kaskazini magharibi, kama kilomita 90, mpaka mji mdogo wa Bellefontaine.

Maandalizi ya Wamarekani kwa siku ile yalinigusa, na nayasifu kwa moyo mmoja. Kila mji uliokuwa njiani ulijua dakika na sekunde ambayo giza lingeufikia. Shule nyingi zilifungwa ili watoto wawe nje na wazazi wao. Maktaba ya mtaa wetu ilitugawia bure miwani ya karatasi yenye kichujio cheusi, na mkutubi alimwinamia kila mtoto akamwonyesha namna ya kuivaa kabla ya kuinua uso na kuivua baada ya kuuinamisha. Mara ya mwisho Ohio kupitiwa na kivuli kama hicho ilikuwa mwaka 1806, na mara ijayo ni mwaka 2099. Wazee walikuja na viti vya kukunja, mablanketi na chupa za chai, wakakaa wakingoja kama watu waliopewa miadi.

Sisi tulikuwa kumi na wanne, na wengi wetu tulikuwa tumefunga, maana ilikuwa tarehe 29 Ramadhani.

Jambo hilo sikulifikiria sawasawa mpaka tulipokuwa barabarani. Jua hupatwa siku moja tu katika mwezi, siku ile mwezi unapokaa kati yetu na jua, na siku hiyo mwezi hauonekani kabisa. Utotoni mwangu kila mwisho wa Ramadhani tulikwenda ufukweni kutazama upande wa machweo. Tukirudi, watu wazima walikaa na redio na kubishana: umeandama, haujaandama, umeonekana Lamu, nani kauona, ni mwadilifu? Maisha yangu yote nimeutafuta mwezi kesho yake au keshokutwa yake. Hapa nilikuwa nakwenda kuuona siku ile ile unapojificha, tena saa tisa alasiri.

Katika msafara alikuwamo mzee mmoja wa Mombasa, imamu wetu wa siku zote katika shughuli za watu wa pwani. Swali lilikuwa moja, na lilikuwa zito. Sunna ni kuswali swala ya kusufu jua linapopatwa: rakaa mbili ndefu, kila rakaa ina rukuu mbili. Mwenye kuswali anatazama anaposujudu. Tumesafiri kilomita 90 tuje kutazama nyasi? Kijana mmoja alilisema waziwazi, akaona haya baada ya kulisema. Mzee hakukasirika. Alikumbusha kwamba jua lilipatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume, watu wakasema jua limemlilia, na Mtume mwenyewe akawakatalia: jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kifo cha mtu wala uhai wake. Halafu akasema, "Tuswalini kwanda, tutazame baadaye. Ishara si ya kufumbiwa mato."

Mwezi ulianza kulimega jua karibu saa nane mchana. Tulitandika mikeka uwanjani tukaswali wakati jua likiwa limeliwa robo. Nilikuwa sijawahi kuswali kusufu hadharani mbele ya watu wasioijua. Mama mmoja wa Kimarekani alizima muziki wa gari lake bila kuombwa, akakaa kimya mpaka tukatoa salamu.

Baadaye nilitoa mkobani chekeche la jikoni. Hili nililijifunza Rujewa, na sharti nilieleze, kwa sababu kwetu watu wengi wanadhani bila miwani ya kununua mtoto hana budi kufungiwa ndani. Tundu dogo lolote linatupa chini picha ya jua. Ukiinua chekeche, kila tundu linachora jua lake, na jua likimegwa, picha zote zinamegwa. Nililiinua mbele ya mzee, na kanzu yake nyeupe ikajaa hilali, makumi ya hilali, kutoka kifuani hadi kwenye pindo. Akazitazama muda mrefu. "Na leo ishirini na tisa," akasema. Hakuna aliyemjibu.

Rujewa ilikuwa tarehe 1 Septemba 2016. Nilikuwa likizo nyumbani, na mtoto wa mama mdogo alikuwa mwalimu huko Mbarali. Kwa miezi kadhaa Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria alikuwa akiwaeleza Watanzania kwamba jua litapatwa kipete na mahali pazuri pa kulitazama ni Rujewa. Nilimwambia mama tufuatane. Akakataa katakata. "Mwanangu, kupatwa ni kupatwa. Mtu hafungi safari kwenda kutazama msiba."

Nikamwambia, "Lakini mama, aliyepatwa si ndiye huendewa?"

Alinyamaza, kisha akaniuliza kama nina nauli ya kurudi.

Lugha yetu inalisema jambo hili kwa namna ya peke yake. Mtu hupatwa na maradhi, hupatwa na msiba, na jua nalo hupatwa. Neno lile lile analobeba mfiwa tumelivika jua. Ndiyo maana mjomba wa Voi alifunga mlango kama mtu anayekinga nyumba na tauni, na ndiyo maana nyanya yangu, kila mwezi ulipopatwa, alishika tasbihi akauombea kwa huruma ya kweli, kama jirani. Sijaona huruma hiyo Ohio. Niliona furaha na elimu, lakini sikuona mtu aliyelionea jua uchungu.

Rujewa niliyaona yote mawili katika uwanja mmoja. Walikuwapo wanafunzi wa sare, wakulima wa mpunga waliotoka mashambani Usangu, wageni wenye darubini, na bibi mmoja aliyesema dua huku akiazima miwani ya mjukuu wake. Miwani ilipita mkono kwa mkono, kila mtu akihesabiwa pumzi chache. Karibu na adhuhuri mwezi ukaingia katikati ya jua na kubakiza pete. Siku ile mwezi ulikuwa mbali kidogo na dunia, kwa hiyo ulikuwa kama kifuniko kilichopungua kwa sufuria: moto ukabaki ukingoni pande zote. Kipete hakileti usiku, na hakuna sekunde hata moja ambayo ni salama kukitazama kwa macho matupu. Lakini chini ya mwembe, ambako matundu kati ya majani yanafanya kazi ya chekeche, ardhi yote ilikuwa imejaa pete za mwanga, zinatikisika upepo ukipita. Watoto waliacha kutazama juu. Walikuwa wakijaribu kuzivaa vidoleni.

Bellefontaine, mwezi ulikuwa karibu zaidi, na kifuniko kilienea.

Saa tisa na dakika chache baridi ikashuka, tukafunga vifungo vya makoti. Upande wa kusini magharibi anga likageuka bluu ya wino, likatujia. Dada mmoja wa Bukavu aliyekuwa kando yangu alinishika mkono. Nukta ya mwisho ya mwanga ikang'aa ukingoni kama kito, ikakatika, tukavua miwani.

Pale palipokuwa na jua palikuwa na duara jeusi, jeusi kuliko weusi wa usiku wowote nilioujua, na kuzunguka duara hilo nywele nyeupe za mwanga zilizotulia kabisa. Ukingoni upande wa chini paliwaka chembe nyekundu, ndimi za moto wa jua lenyewe. Chini kidogo, kuliani, Zuhura ilikuwa wazi kama taa. Juu kushotoni Mshtarii. Pembeni kote, mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, palikuwa na wekundu wa magharibi, kama jua limetua pande nne kwa pamoja. Taa za barabarani ziliwaka zenyewe. Umati ulipiga yowe, na mimi nikasikia sauti yangu ikileta takbiri. Dada wa Bukavu aliuliza kwa sauti ndogo, kama anamuuliza mtu anayemjua, "Jua imeenda wapi?"

Jua ni pana kuliko mwezi mara 400 hivi, na liko mbali kuliko mwezi mara 400 hivi. Kwa sababu hiyo tu vinalingana machoni petu, kifuniko na sufuria yake. Mwezi unatukimbia kama sentimita 3.8 kila mwaka, na itafika siku, baada ya mamilioni mengi ya miaka, ambayo utakuwa mdogo mno kulifunika jua. Tumeumbwa katika muda unaofaa. Nimelijua hilo kwa miaka, lakini siku ile ndipo lilipoingia mwilini.

Nilimpigia mama. Tanga ilikuwa saa nne usiku, yumo ndani ya chandarua.

"Shikamoo mama. Limepatwa. Lote. Nimesimama chini yake."

"Marahaba mwanangu. Mnapigwa? Mbona watu wanalia?"

"Wanafurahi, mama."

Nikaelekeza simu juu. Sijui aliona nini kwenye kioo kile; pengine doa jeupe lenye tundu. Alikaa kimya, nikamsikia anapumua. Zilikuwa dakika karibu nne, sawa na zile za Voi. Kisha akauliza, "Kuku wamelala?"

Hapakuwa na kuku. Lakini ndege waliokuwa wakipiga kelele mitini walikuwa wamenyamaza, nikamwambia hivyo. "Basi ndiyo yenyewe," akasema. Upande wa pili wa duara ukatoa cheche, watu wakapiga makofi, na mchana ukarudi. Usiku ule hapakuwa na haja ya mtu kutazama magharibi. Tuliutimiza mwezi siku 30 na tukaswali Idi Jumatano.

Tarehe 21 Mei 2031 jua litapatwa tena kipete, na njia yake itakatiza Tanzania. Nawaomba walimu waanze kuizungumza sasa, na nawaomba maimamu na mapadri pia. Machekeche yapo jikoni, miembe ipo. Sitaki tuige makofi ya Ohio, na dua ya yule bibi wa Rujewa sitaki ipotee hata neno moja. Nataka mtoto awe nje ya mlango dua ikisomwa.

Kabla ya hapo kuna safari nyingine. Tarehe 2 Agosti 2027 kivuli kitavuka Hispania, Afrika ya kaskazini na Misri, kisha kitapita Makka, na hapo giza litadumu kama dakika tano. Nimeanza kuweka akiba ya umra ya watu wawili. Nilipomwambia mama nilitarajia anikumbushe habari ya msiba na safari. Aliuliza joto la Agosti likoje, akauliza kama magoti yake yataweza, akauliza ni saa ngapi hasa. Juzi ametuma ujumbe: nimnunulie miwani mbili, moja ya kuvaa na moja ya akiba.