Kelele Katika Redio ya Mzee

Najua nimekuwa kimya tangu mwezi jana. Sikuwa mgonjwa, na kazi haikuwa nyingi kuliko kawaida. Nilikuwa nikipigana na redio ya gari, na redio ilikuwa ikinishinda.

Gari lenyewe ni la mzee wangu anayeishi Kitengela. Ni Toyota ndogo iliyotumika Japani kabla ya kuletwa huku, kama magari mengi ya barabara zetu. Mzee ni mwalimu mstaafu, na redio ya gari ndiyo gazeti lake. Husikiliza taarifa ya habari, kisha husubiri matangazo ya vifo ya kituo cha lugha ya nyumbani. Husema kwamba mtu wa umri wake akikosa matangazo hayo, atakosa kumzika rafiki.

Basi redio ikaanza kelele. Haikuwa mikwaruzo ile ya kituo kilicho mbali. Ulikuwa mvumo mzito, shhhhh, uliofunika maneno ya mtangazaji. Habari hii nilipewa na mama, si mzee mwenyewe. Hilo lingenishtua, lakini halikunishtua.

Mimi na shahada yangu ya sayansi ya kompyuta tulikuwa na jibu kabla hata ya kufika. Redio nyingi za magari ya Japani zilitengenezewa FM ya kule, inayoanzia megahezi 76 na ambayo kwa miaka mingi iliishia 90. Vituo vyetu viko kati ya 88 na 108. Kwa hiyo gari likifika huku huwekewa ekspanda, kikopo kidogo kinachokaa kati ya antena na redio na kuyateremsha masafa yetu ili redio iyapate. Nikasema: ekspanda imekufa. Nikanunua mpya kwa shilingi 800. Kelele.

Fundi wa umeme wa magari akasema ni altaneta, akafunga chujio kwenye waya wa umeme wa redio. Shilingi 2,500. Kelele. Nikanunua redio nyingine kwa shilingi 6,500. Kelele ileile, ila sasa inatoka kwenye redio yenye kioo cha rangi!

Katikati ya majaribio hayo, mzee akiwa barabarani alisikia jina la mwalimu aliyefundisha naye miaka mingi. Jina alilisikia. Siku na mahali pa mazishi vilimezwa na mvumo. Alipopata habari kamili kwa simu, mwenzake alikuwa ameshazikwa siku mbili zilizopita. Hakunilaumu. Aliacha tu kuiwasha redio.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kitengela bila kununua kitu. Nilijiambia nifanye kama ninavyofanya kazini programu inapokataa: nibadilishe jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha nisikilize.

Kwanza, nilizima injini na kuacha redio ikiwaka. Mvumo ulibaki. Kelele za altaneta ni mlio mwembamba unaopanda unapokanyaga mafuta, na za plagi ni tiki-tiki zinazokwenda na mzunguko wa injini. Injini ikizimwa, zote mbili hunyamaza. Kwa hiyo altaneta haikuwa na hatia, na shilingi 2,500 zangu zilikuwa zimekwenda bure.

Pili, nilicheza wimbo kutoka kwenye flashi. Safi kabisa. Basi spika na waya zake ni nzima, na kelele haziingii huko.

Tatu, nilirudi kwenye FM na kuchomoa waya wa antena. Kituo kilipotea, na ule mvumo mzito ukapotea nacho. Kumbe kelele zilikuwa zikiingia kwa antena kama kituo kingine chochote. Kuna kitu ndani ya gari kilichokuwa kikitangaza!

Nne, nilichukua redio ndogo ya betri ya mama, nikaitegesha kwenye kituo kilekile na kuipitisha polepole ndani ya gari. Kwenye viti vya nyuma, kimya. Karibu na kioo cha mbele, mvumo. Chini, kwenye tundu la kuwashia sigara, ikanguruma.

Pale palikuwa na chaja ya USB. Iliilisha umeme kamera ya dashibodi, na kamera hiyo nilimnunulia mzee mimi mwenyewe, na kuifunga kwa mikono yangu.

Nilichomoa chaja. Kamera iliendelea kwa betri yake, na mtangazaji akasikika kama yuko kiti cha pili. Nikachomeka simu yangu kwenye chaja ile badala ya kamera: mvumo ukarudi. Chaja kama hii huteremsha volti 12 hadi 5 kwa kuukata na kuuwasha umeme maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde. Isipochujwa vizuri, mabaki ya kukata huko hufika hadi masafa ya FM. Na waya mrefu wa kamera niliupitisha kwenye nguzo ya kioo, sambamba na waya wa antena. Nilikuwa nimejenga mtambo wa kurushia kelele.

Niliweka chaja bora, nikahamishia waya nguzo ya upande wa pili, na kuufunga kipete cha feraiti karibu na chaja. Yote hayo hayakufika shilingi 2,000.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Akasema, "Ilianza siku ile ulipoweka kamera."

"Baba, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mwanangu. Na ilikuwa zawadi yako."

Kazini, swali letu la kwanza kwa mtumiaji ni: tatizo lilianza lini, na nini kilibadilika siku hiyo? Ningemuuliza mzee swali hilo siku ya kwanza, angemzika rafiki yake.

Kwa hiyo redio yako ikianza kuvuma, anza kwa kuchomoa vyote ulivyochomeka mwenyewe. Na kama gari si lako, muulize kwanza anayeliendesha.

Haya, tuonane wiki ijayo.