Kufukuza maji kabla ya baridi

Kiingereza cha hapa Minnesota kina kitenzi ambacho mababu zetu hawakuwahi kukihitaji. Ni kitenzi cha kukiandaa kitu kwa ajili ya majira ya baridi. Nyumba inaandaliwa, gari linaandaliwa, boti, bustani, hata mzinga wa nyuki. Sisi tunavyo vitenzi vya kuanika, kukausha na kuweka akiba, lakini neno moja la kusema "fanya kitu hiki kihimili miezi mitano ya barafu" hatuna. Wala sishangai. Shida yenyewe haijawahi kubisha hodi Kariakoo wala Tandika.

Mimi ni mtu wa Njombe, kwa hiyo baridi naijua kidogo kuliko washikaji wangu wa Dar. Kwetu, na zaidi Makete, ikifika Juni au Julai unaamka unakuta sakitu nyeupe juu ya majani, na viazi vimeungua kana kwamba mtu kapitisha moto shambani. Lakini jua la saa tatu likishachomoza, habari imekwisha. Hapa jua linachomoza na habari inaendelea.

Sasa tuje kwenye karavani. Kwa ambaye hajawahi kuiona, ni nyumba ndogo yenye magurudumu. Wamarekani wanaiita RV. Nyingine zina injini zake kama basi, nyingine, kama hii ya dada yangu, zinakokotwa na gari. Ndani kuna vitanda, jiko la gesi, friji, sinki, choo na bafu. Chini ya sakafu kuna tangi la maji safi la galoni 40, yaani kama lita 150, matangi mawili ya maji machafu, pampu inayotumia umeme wa betri, na hita ya maji ya moto. Kila kitu ambacho nyumba ya Kimara inacho, kuanzia simtanki mpaka fundi bomba wa kumlaumu, kimebanwa kwenye boksi la mabati na plastiki ambalo kuta zake ukizigonga zinaita kama debe.

Kuna Wamarekani ambao baridi ikikaribia wanawasha injini na kwenda zao Arizona au Texas mpaka Aprili. Wengi ni wastaafu, na wanaitwa ndege wa theluji. Wapo pia ambao karavani ndiyo nyumba pekee waliyobaki nayo. Mwandishi wa habari Jessica Bruder alikaa nao barabarani kwa muda mrefu akaandika kitabu, Nomadland, kilichotoka mwaka 2017. Filamu iliyotokana nacho ndiyo iliyochukua Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Ukikisoma kitabu kile huwezi tena kuitazama karavani kama mwanasesere wa matajiri.

Dada yangu si mstaafu wala hana mpango wa kuhama. Ni mtoto wa mama mkubwa, na anafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee. Hii karavani aliinunua miaka miwili iliyopita, ikiwa imeshatumika, kwa dola 11,000 ambazo alizikusanya zamu moja baada ya nyingine. Wanawe wameiona Ziwa Superior kwa ajili yake. Mwaka huu ameamua kuiuza, kwa sababu amebakiza mwaka mmoja wa masomo ya uuguzi na ada haisubiri. Mnunuzi amepatikana, ila anaitaka Aprili, na ana sharti moja tu: siku atakayokuja, maji yatoke kila bomba na yasivuje popote. Bwana yule anaijua Minnesota.

Mpaka hapo unaweza kuuliza, kwani maji yana ubaya gani? Vitu vingi vikipoa husinyaa. Maji nayo husinyaa, lakini yakifika nyuzi 4 za Selsiasi yanabadili mawazo na kuanza kutanuka, na yakiganda ujazo wake unaongezeka kwa karibu asilimia 9. Ndiyo maana barafu inaelea, ziwa linaganda kuanzia juu, na samaki wanabaki hai chini. Watu wa hapa wanakwenda kukaa juu ya ziwa hilo lililoganda, wanatoboa tundu na kuvua, wengine wakiwa ndani ya vibanda vyenye magurudumu. Nimeona kwa macho yangu. Sijakanyaga.

Tabia hiyohiyo inayomwokoa samaki ndiyo inayoua mabomba. Nilidhani barafu ndiyo inayosukuma ukuta wa bomba mpaka unachanika. Kumbe mara nyingi ni hivi: barafu inaziba bomba kama kizibo, inazidi kukua, na maji yaliyobaki kati ya kizibo hicho na koki iliyofungwa yanakosa pa kwenda. Shinikizo linapanda, na bomba linaachia mahali ambapo pengine hata barafu haijafika. Halafu linakaa kimya. Bomba lililopasuka Januari halikwambii kitu mpaka Aprili barafu iyeyuke na uwashe pampu, mnunuzi akiwa amesimama hapo na hundi mfukoni.

Jamaa zetu wa Houston somo hili walilipata Februari 2021, baridi ilipoishukia Texas na umeme ukakatika kwa siku kadhaa. Nyumba za kule hazikujengwa kwa barafu. Mabomba yalipasuka ndani ya dari, na serikali ya jimbo baadaye ilihesabu vifo 246 kutokana na dhoruba ile. Ukisikia mtu anacheka kwamba baridi ni jambo la koti tu, mkumbushe.

Basi, Jumamosi moja ya mwanzoni mwa Novemba utabiri ukasema usiku ule ungeshuka mpaka nyuzi 18 za Fahrenheit, kama hasi 8 za Selsiasi. Karakana ya karibu ilikuwa na nafasi wiki mbili mbele. Shemeji, ambaye ndiye mwenye mikono ya ufundi, alikuwa na lori lake Nebraska. Tukabaki mimi, dada, watoto wawili, na mzee jirani ambaye watoto wanamwita babu. Mzee huyu ana karavani yake, na ana kompresa ya kujazia matairi upepo. Mambo haya ameyafanya tangu kabla sijazaliwa, kwa hiyo mimi nikachukua kazi niliyosomea: kuuliza maswali na kuandika majibu.

Swali la kwanza lilikuwa maji yako wapi. Matangi ya maji machafu dada alishayamwaga kambini siku ya mwisho ya matembezi. Hita tulikuwa tumeizima tangu asubuhi ili ipoe. Mzee alifungua kwanza bomba la maji ya moto jikoni ili kupunguza shinikizo, ndipo akaingiza boksi spana kwenye kizibo cha hita na kusimama pembeni. Dada alipouliza kwa nini anasimama pembeni, maji yenyewe yakamjibu. Galoni 6 zilitoka kwa kishindo pamoja na mchanga mweupe wa chokaa.

Kizibo kilipotoka kilivuta fimbo nyembamba, imelika kama muwa uliotafunwa na mtoto. Dada akataka kuitupa. Mzee akaishika. Ni magnesiamu, akaeleza. Tangi la hita hii ni la chuma, na maji yanapotaka kula chuma yanaanza na magnesiamu kwanza. Fimbo inakufa ili tangi lisife. Ikiisha unanunua nyingine. Niliipenda fimbo ile, ninayo mezani kwangu naandika huku naitazama.

Baada ya hapo tukafungua mirija miwili iliyo chini kabisa ya karavani, mwekundu wa maji ya moto na wa buluu wa maji baridi, pamoja na koki ya tangi kubwa. Tukafungua mabomba yote ndani ili hewa iingie. Maji yalitiririka dakika kumi, yakawa matone, yakakoma. Mtu wa Njombe angefunga na kwenda kunywa chai. Mzee akasema ndiyo kwanza tumemaliza sehemu rahisi.

Aliunga kompresa pale panapoingilia maji kutoka nje, akaweka geji kwenye PSI 40 na kutuonya tusiiguse. Mabomba haya ni ya plastiki. Ukiyapa upepo wa tairi la lori utakuwa umeyapasua mwenyewe, baridi ikute kazi imekwisha. Dada alikuwa ndani anafungua bomba moja moja, lililo mbali kwanza, na kila bomba lilikohoa, likatema, likakohoa tena.

"Mdogo wangu, hapa bado!" Dada anapiga kelele kutoka bafuni.

"Haya, dada, liache wazi!"

Mimi nilikuwa chini sakafuni na tochi, nachora kwenye daftari kila bomba linakoelekea. Jikoni mawili, bafuni mawili, sinki la kunawia mawili, choo kimoja. Halafu nikaona mabomba mawili yanaachana na mengine nyuma ya hita na kwenda ukutani, ambako ndani hakuna kitu. Nikamuuliza dada, hajui. Mzee alizunguka nje, akaingiza ufunguo mdogo kwenye kidirisha ambacho siku zote dada alidhani ni cha waya za umeme. Ndani kulikuwa na bafu la nje, lenye mpira wake na koki zake, la kuoshea miguu ya watoto wakitoka ziwani. Alipozifungua, upepo ulitoa maji kama bilauri mbili hivi.

Bilauri mbili. Dada aliyatazama yakilowesha changarawe, akakaa kwenye ngazi ya karavani bila kusema kitu kwa muda. Alikuwa anapiga hesabu, nadhani. Muhula mmoja wa ada ulikuwa umejificha nyuma ya kidirisha kisichozidi sahani.

Sehemu ya mwisho ni ya rangi. Kuna dawa ya kuzuia kuganda, ya waridi, na watoto walipoiona waliiita juisi ya rozela. Hapa niwe makini: ile ya kijani ya kwenye rejeta ya gari mara nyingi ni ethilini glikoli, ni sumu, na utamu wake umeua mbwa wengi. Ya karavani ni propilini glikoli, jamii ya kitu kinachotiwa hata kwenye vyakula. Hata hivyo watoto tuliwanyima. Tulizungusha koki za baipasi ili dawa isiingie kwenye hita, maana ingemeza galoni 6 bure, tukatumbukiza mpira wa pampu kwenye dumu na kuwasha. Bomba la baridi likafunguliwa mpaka waridi ikatoka, kisha la moto, kisha linalofuata. Choo nacho kikakanyagwa pedali mpaka kikawa cha waridi. Kwenye zile kona za bomba chini ya masinki na bafu, ambako maji hukaa daima kuzuia harufu, tukamimina kikombe kimoja kimoja. Galoni tatu zilitutosha, na bei yake yote haikufika ya chakula cha mchana cha watu wawili mjini Minneapolis.

Dumu limeandikwa nyuzi hasi 50 za Fahrenheit, karibu hasi 46 za Selsiasi. Usidhani dawa inabaki majimaji mpaka hapo. Inageuka uji mapema zaidi, kama aiskrimu iliyoanza kuyeyuka, ila uji huo hauna nguvu ya kupasua bomba. Ikichanganyika na maji yaliyosahaulika inapungua ukali, ndiyo maana ya ule upepo wote. Na kwa taarifa yako, tarehe 2 Februari 1996, mji wa Tower katika jimbo hilihili ulifika hasi 60. Nilimwambia mzee. Akasema usiku huo anaukumbuka, na akabadilisha mazungumzo.

Jua lilizama karibu saa kumi na moja jioni, kama kawaida ya Novemba hapa. Dada alinawa mikono nyumbani, akavaa sare za kazi, na shemeji akapiga simu kabla hajatoka.

"Hita mmeitoa maji?"

"Tumeitoa, baba watoto."

"Basi swichi yake asiiguse mtu. Ikiwashwa kavu, koili inaungua hapohapo."

Watoto wanapenda kucheza humo ndani, na vidole vyao haviachi swichi. Dada alikata kipande cha boksi, akaandika kwa kalamu nene: HITA HAINA MAJI. USIWASHE. Mzee, aliyekuwa anakunja mpira wa kompresa, aliuliza imeandikwa nini. Nikamtafsiria. Akafikiri kidogo, kisha akauliza kama dada ana muda wa kumwandikia na yeye moja, maana wajukuu wake wanakuja sikukuu ya Shukrani na maandishi ya Kiingereza hawajawahi kuyatii.

Kwa hiyo mtaa wetu sasa una karavani mbili zenye tangazo la Kiswahili. Jana usiku ilishuka hasi 12.