Tairi ya Nyuma Haichaguliwi kwa Picha

Karibu kila wiki natumiwa picha ya aina moja. Ni Camaro ya 1969 ama Chevelle ya 1970, pua imeinama, makalio yako juu, na nyuma kuna tairi nene kama pipa. Chini yake swali: "Buda, hii ni saizi gani?" Maoni yangu yatawaudhi baadhi yenu, lakini wacha niseme. Hilo ni swali la mwisho na nyinyi mnaliuliza la kwanza. Tairi ya nyuma inachaguliwa na nafasi iliyo chini ya madigadi, na difu, na kazi utakayoipa gari. Mkao unakuja wenyewe baadaye.

Kwa wageni hapa: nazungumzia zile gari za Marekani za miaka ya 60 na mwanzo wa 70, injini kubwa ya V8 ndani ya bodi ya kawaida. Watu huziita gari za misuli. Wengi huanza kuhesabu mwaka 1964, Pontiac walipochukua gari ya ukubwa wa wastani, wakaitia V8 ya inchi za ujazo 389, karibu lita 6.4, wakaiita GTO. Wabishi watasema Camaro ina jina lake tofauti kwa sababu ni ndogo. Sawa, lakini shida ya tairi ni ileile.

Shida yenyewe ni kwamba nguvu ilifika kabla ya mshiko. Nyingi zilitoka kiwandani na rimu ya inchi 14 na tairi nyembamba za nyuzi za mshazari, zilizoandikwa kwa herufi, kama F70-14. Ukikanyaga mafuta, tairi inapiga kelele, moshi unapanda, na bado uko palepale. Vijana wa wakati huo walitafuta tairi pana za nyuma kwa sababu hiyo. Tairi zikawa zinagusa madigadi, basi miaka ya 70 wakaanza kuinua mkia kwa shokabu za upepo ili zipate nafasi. Ule mkao unaoupenda kwenye picha ulianza hivyo, watu wakitatua shida. Sisi tunaiga jibu bila kujua swali.

Sasa, msee wa Kenya anatafuta nini kwenye hadithi hii? Hapa gari la mtumba likizidi miaka 8 haliingii, na usukani wa kushoto ni kesi nyingine. Lakini nina mjomba Houston.

Huyu ni kaka yake mama. Ni muuguzi, na miaka mingi amefanya kazi za usiku. Ndiye alikuwa ananilipia karo ya uhandisi wa mitambo, hadi nilipoacha chuo mwaka wa pili. Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Sawa, ni maisha yako," na baada ya hapo karibu mwaka mzima tukabaki na salamu za Krismasi. Halafu siku moja nikapata ujumbe wa sauti. Amenunua Camaro ya 1969, V8 ya 350, gia nne za mkono. Akasema: "Naona unafundisha watu mambo ya gari huko. Nataka niweke 275/60R15 nyuma. Zitaingia ama hazitaingia?"

Nilisikiliza huo ujumbe mara tatu. Najua mjomba wangu. Alikuwa anauliza tairi, na alikuwa anauliza pia kama huyu kijana anajua anachofanya ama anacheza tu na simu. Tena binti zake wawili ndio wangekaa kiti cha nyuma, katikati ya hizo tairi.

Kwa hiyo tukaanza na hesabu. Ni hesabu ya darasa la saba, usiogope. Hiyo 275 ni upana wa tairi kwa milimita. 60 ni kimo cha ubavu, kama asilimia ya upana: asilimia 60 ya 275 ni 165. Kuna ubavu juu na chini, kwa hiyo 330. Ile 15 ni inchi za rimu, sawa na milimita 381. Jumlisha unapata 711, karibu inchi 28. Gari ilikuja na 235/60R15, ambayo kwa hesabu hiyohiyo ni 663. Kwa hiyo mjomba alitaka kuongeza milimita 48 za kimo na 40 za upana.

Kimo kwanza, kwa sababu kinaongea na difu. Difu yake ni 3.73, yaani shafti inazunguka mara 3.73 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Tairi ndefu inakwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, hapa kama asilimia 7, basi ile 3.73 inafanya kazi kama 3.48. Barabara kuu ni raha: kwa maili 70 kwa saa kwenye gia ya nne, injini inashuka kutoka mizunguko kama 3,360 kwa dakika hadi kama 3,140. Lakini kwenye taa gari inaondoka ikiwa nzito zaidi. Umenunua tairi ya kukimbia, ikakupunguzia mbio. Na spidomita, kama ilikuwa inasema kweli mwanzoni, sasa inakudanganya: ikisema 70, wewe uko 75. Hebu mweleze hilo polisi wa Texas.

Halafu upana. Camaro za 1967 hadi 1969 nyuma zina springi za bamba, na tairi inakaa kati ya springi hiyo na ukingo wa madigadi. Nafasi hiyo haiongezeki kwa maombi. Kuna pia rimu. Zake zilikuwa za upana wa inchi 7, na 275/60R15 kwa kawaida inataka kuanzia 7.5. Ukiilazimisha kwenye rimu nyembamba, inavimba katikati, inakanyaga barabara vibaya, na ubavu unayumba kwenye kona. Kwa hiyo 275 ilimaanisha kununua rimu mpya pia, na rimu mpya inaleta swali la kina: kutoka sehemu inayobanwa na nati hadi ukingo wa ndani wa rimu, ni umbali gani? Rimu ya inchi 8 ina kama inchi 9 kutoka ukingo hadi ukingo, basi kina cha 4.5 kinaiweka katikati. Ukikosea kwa nusu inchi, tairi nzima imehama milimita 13. Hiyo inatosha kugusa.

Nikamwambia, "Mjomba, usinunue kitu. Pima kwanza."

Kupima kuna utaratibu. Toa gurudumu, lakini usiache ekseli ining'inie. Weka stendi chini ya ekseli yenyewe, ili uzito wa gari ukae kwenye springi kama iko barabarani. Kutoka pale rimu inapobanwa, pima kwenda ndani hadi kwenye springi, kisha kwenda nje hadi ukingo wa madigadi. Kwa huo wa nje tumia timazi, ile ya waashi. Mjomba hakuwa nayo, akafunga nati kwenye uzi. Saa nne usiku kwangu, mchana kwake, ameegemeza simu kwenye ndoo, ananisomea namba kama anasoma presha ya mgonjwa. Na pima pande zote mbili, tafadhali. Wengi wanapima moja wanajumlisha. Kwa gari yake, kushoto kulikuwa na milimita 9 pungufu kuliko kulia. Ina miaka zaidi ya 50, imeshagongwa na kunyooshwa na watu tusiowajua.

Tukapiga hesabu ya 275 kwenye rimu ya inchi 8. Upande wa kushoto, nje, zilibaki milimita 6. Gari ikiwa imesimama bila mtu. Sasa weka watu wanne, piga tuta, ingia kona. Mpira wa springi unaruhusu ekseli kusogea kando kidogo, bodi inashuka, na zile 6 zimeisha. Ukingo wa madigadi ni chuma chembamba. Ukikwaruza ubavu wa tairi kwenye maili 70 kwa saa, hutapata muda wa kupiga picha. Mimi nataka angalau 15 nje na 12 ndani. Ile 255/60R15, kwa rimu hiyohiyo, ilituachia 16 nje, na ndani ilikuwa na nafasi ya kutosha.

Duka la tairi la huko walikuwa wameshamwambia 275 "zinaingia tu," na zikigusa watakunja ukingo wa madigadi kwa ndani. Kukunja ni kazi halali, mafundi wazuri wanaifanya kila siku. Lakini rangi ya pale inaweza kupasuka, na ukishakunja kwa ajili ya tairi moja umeshafanya uamuzi wa miaka mingi. Mjomba alinyamaza kidogo. Alitaka 275 kwa sababu ndizo alizoziona kwenye picha aliyoitunza miaka. Sikumlaumu. Nilimwambia tu gari ni yake, namba ndizo hizo.

Na mkao je? Hapa ndipo watu wa picha wanashangaa. 255/60R15 ina kimo cha 687. Mbele tukachagua 215/65R15, ambayo ni kama 660. Tofauti ni 27, na kwa kuwa ekseli iko katikati ya tairi, mkia unapanda nusu yake, kama milimita 13. Pua imeinama kidogo, nyuma kumejaa, na hakuna shokabu ya upepo hata moja. Ukiinua mkia sana kwa hizo shokabu, uzito unahamia kwenye vishikio vya shokabu ambavyo havikutengenezwa kubeba gari. Halafu ile pembe ya usukani mbele inayorudisha magurudumu katikati inapungua, na gari inaanza kutangatanga ukiwa mbio. Sisi tunazijua Probox zilizoinuliwa nyuma kubeba mzigo. Mwenye Probox ana sababu, ana magunia. Wewe una magunia gani?

Sisemi hakuna mtu anayefaa kuweka 275 ama hata zaidi. Kama gari ni ya mashindano ya kukimbia moja kwa moja, kata ndani, hamisha springi, weka tairi ya kutisha, nitakupigia makofi. Kama ni ya maonyesho tu, inayoshushwa kutoka kwa lori na kurudishwa kwa lori, fanya unavyotaka. Lakini kama ni ya kwenda kanisani na kurudi na watoto, tairi kubwa kuliko zote zinazoingia kwa shida si zawadi kwa gari lako.

Mjomba aliweka 255. Aliendesha wiki mbili kabla ya kusema lolote, halafu akanitumia neno moja: "Haigusi." Kesho yake akauliza breki za ngoma za nyuma zinarekebishwaje. Siku hizi ananiuliza kitu karibu kila Jumapili. Kuhusu chuo hatujaongea bado, na sijui kama tutaongea. Lakini tunaongea.

Basi, ukitaka nikusaidie kuchagua saizi, nakukaribisha, hata kama gari yenyewe ni Subaru ya Umoja. Nitumie nafasi ya ndani na ya nje, kushoto na kulia. Nitumie upana na kina cha rimu, na namba ya difu kama unaijua. Niambie nani anakaa kiti cha nyuma. Na kabla hujalipa, angalia namba nne za mwisho za alama ya DOT kwenye ubavu wa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na meno mapya kabisa na iwe imezeekea dukani. Picha tuma ukimaliza.