Nilipiga deki nikadhani nimesafisha

Je, msomaji, umewahi kuamka usiku wa manane, ukashusha mguu kutafuta ndara kando ya kitanda, nao ukatua majini? Ikiwa hujawahi, mshukuru Mungu. Ikiwa umewahi, basi haya nitakayosimulia si mageni kwako, na huenda ukanisaidia kuwaonya wenzetu.

Mimi yalinifika usiku mmoja wa mwisho wa Aprili, 2024. Utaikumbuka masika ya mwaka ule. Kule Mathare watu walipoteza nyumba na jamaa zao. Huko Mai Mahiu, alfajiri ya Aprili 29, maji yaliangamiza makumi ya watu wakiwa usingizini. Shule ziliahirishwa kufunguliwa, na Mei 10 taifa zima likapewa likizo ya kuwaomboleza waliofariki na kupanda miti. Kando ya misiba hiyo, langu lilikuwa jambo dogo. Lakini jambo dogo likikuingilia chumbani mwako, huwa si dogo tena.

Tunaishi katika nyumba ya chini kabisa ya jengo la ghorofa nne, mtaa mmoja wa Eastlands jijini Nairobi. Tuliichagua kwa sababu watoto hawangekuwa na ngazi za kuangukia, na kodi yake ilikuwa nafuu kuliko ya juu. Hatukujiuliza kwa nini ilikuwa nafuu.

Usiku huo maji hayakupitia mlangoni. Yalianzia ndani. Yalipanda kupitia kile kishimo cha bafuni cha kutolea maji, kisha choo kikaanza kugugumia kama mtu anayesukutua, hatimaye kikafurika. Nilipowasha tochi niliona maji meusi yenye mapovu, na ndani yake vitu ambavyo sitavitaja katika gazeti linalosomwa wakati wa chakula cha Jumapili. Yalikuwa yamefika kwenye kifundo cha mguu.

Baba watoto alikuwa safarini Eldoret kikazi. Nilimbeba kitinda mimba wangu, wa miaka miwili, nikamshika mkono dadake, nikavuka sebule. Ni jirani wa juu aliyenipigia kelele kutoka kwenye ngazi: "Mama, zima stima kwanza!" Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba waya wa televisheni ulikuwa umelala sakafuni, chini ya maji hayohayo niliyokuwa nikiyakanyaga. Swichi kuu kwa bahati iko ukutani karibu na mlango, mahali pakavu. Niliizima. Hadi leo nikikumbuka, mwili hunisisimka.

Kulipokucha maji yalikuwa yameteremka yenyewe. Nami nikafanya kile ambacho wengi wetu tungefanya. Nilipiga deki. Nilipiga deki mara tatu, nikamwaga Jik bila kipimo, nikafungua madirisha, nikafukiza ubani. Zulia nililianika uani. Godoro letu kubwa, lililokuwa limelowa upande mmoja, nililisimamisha juani siku mbili, kila jua lilipochungulia. Nilipompigia mume wangu simu, swali lake la kwanza lilikuwa kuhusu watoto, na la pili kuhusu godoro. "Usilitupe," akaniambia. "Hata hatujamaliza kulilipia." Lilipokauka nikaligeuza, upande uliolowa ukawa chini. Nikatandika shuka safi. Nikajiambia yamekwisha.

Kwa majirani sikusema mengi. Mtu na heshima zake, msomaji! Mimi ambaye katika kurasa hizihizi nimewahi kuwashauri akina mama kuhusu usafi wa jikoni, nitasemaje kwamba kinyesi cha watu kimeelea sebuleni mwangu?

Siku ya tisa mwanangu aliamka akihara. Kufikia jioni macho yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka, na alilia bila machozi. Hospitalini walimlaza mara moja, wakamtundikia maji ya mshipa. Muuguzi aliyekuwa akijaza fomu aliniuliza kwa upole, "Mama, nyumbani hali ya maji na choo ikoje? Mafuriko hayakuwafikia?"

Nikasema, "La, sisi kwetu ni salama."

Naam, nilisema hivyo. Mtoto wangu akiwa na sindano mkononi, nilimdanganya muuguzi kwa kuona aibu. Sikupata usingizi usiku huo katika kile kiti cha plastiki. Kipindupindu kilikuwa kimeisumbua nchi yetu tangu Oktoba 2022, na nilijua swali lake halikuwa la umbea. Alfajiri nilimwendea nikamweleza ukweli wote. Hakunicheka. Aliandika, akaagiza choo cha mtoto kipimwe, kisha akaniambia maneno machache: "Usimrudishe katika nyumba hiyo mpaka isafishwe na mtu anayeijua kazi."

Vipimo havikuonyesha kipindupindu, na daktari hakuweza kuniapia kwamba maradhi yale yalitoka sakafuni mwangu. Hakuhitaji kuniapia. Mtoto wa miaka miwili hucheza sakafuni, na vidole vyake huishia mdomoni.

Hivyo ndivyo nilivyowapata watu wa kazi hiyo, vijana watatu wakiongozwa na mzee mmoja aliyekuwa ameizeekea. Walikuja na buti za mpira, glavu nzito, barakoa na miwani ya kukinga macho. Mzee hakuuliza kitu. Alitoa kifaa kidogo chenye ncha mbili kama misumari, akazidunga ukutani nyuma ya kochi, juu kidogo ya goti. Kikalia. Akadunga kwingine, kikalia tena.

"Mzee, mbona maji yalifika hapa tu?" nikamwuliza nikionyesha kifundo cha mguu.

"Mama, ukuta ni kama utambi wa taa," akanijibu. "Maji yanaposimama chini, wenyewe huyanyonya juu. Wewe ulipiga deki, lakini hukusafisha."

Maneno hayo yaliniuma, kisha yakanifungua masikio. Alinieleza kwamba maji yanayoingia nyumbani si mamoja. Yapo ya bomba lililopasuka, ambayo ni safi ukiyawahi. Yapo ya kufulia na kuogea, ambayo yana uchafu wa kadiri. Na yapo maji meusi, ya chooni na ya mafuriko yaliyopita mitaani, ambayo huhesabiwa kuwa sumu hata yakionekana meupe. Humo mna vijidudu vya homa ya matumbo, vya kuhara damu, vya homa ya ini, na mkojo wa panya ambao nao una homa yake. Hata yale safi ya bomba, yakikaa siku kadhaa bila kukaushwa, huharibika na kuwa mabaya.

Kisha akatoa hukumu. Kitu kigumu kisichonyonya maji, kama sufuria, meza ya chuma, vigae au kiti cha plastiki, huoshwa kikapona. Kitu kinachonyonya, kama godoro, mito, zulia zito, kochi la sponji na mbao zile za unga wa mbao ulioshindiliwa, kikilowa maji meusi hakina dawa. Jua hukausha upande wa juu tu. Katikati ya sponji uchafu hubaki palepale.

Walilitoa godoro. Soja wa usiku, ambaye hulala juu ya maboksi kibandani mwake, alikuja mbio. "Mama, nipe mimi. Mimi sijali harufu." Kabla sijajibu, mzee alichomoa kisu akalichana godoro mara nne, kutoka kichwani hadi miguuni. Soja aliguna. Nami nilikasirika, nikamwona mzee kuwa na roho ngumu. Akasema taratibu, "Nikiliacha zima, leo atalilalia yeye, kesho litauzwa, kesho kutwa kuna mtoto juu yake." Nilinyamaza. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewalaza wangu juu yake siku nane.

Kazi yenyewe ilikuwa ya utaratibu, na hapa ningependa unisikilize vizuri, msomaji, maana huenda siku moja ukalazimika kuifanya bila fundi. Kwanza waliondoa tope na uchafu wote. Pili walisugua kwa sabuni ya unga na maji ya moto, sakafu na kuta hadi juu ya alama ya unyevu, wakasuuza. Dawa ya klorini ilikuja ya tatu, wala si ya kwanza kama nilivyofanya mimi, kwa sababu klorini ikikuta uchafu huishia kupigana na uchafu huo, ikafika kwa vijidudu ikiwa imechoka. Kipimo kilikuwa kama robo lita ya Jik kwa ndoo ya lita 20 ya maji baridi, iliyochanganywa sikuhiyohiyo, nayo iliachwa ikilowesha sakafu dakika kumi hivi kabla ya kusuuzwa.

Mmoja wa vijana aliona chupa yangu ya tindikali ya kusugulia choo, akaihamishia nje. Usichanganye hizo mbili kamwe. Klorini ikikutana na tindikali hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu, na katika bafu dogo lisilo na dirisha inaweza kukuangusha.

Mwisho ulikuwa kukausha, na huko ndiko nilikoona tofauti ya fundi na mimi. Ukungu huweza kuanza kuota katika muda wa saa 24 hadi 48 mahali palipolowa. Nyuma ya kabati langu ulikuwa tayari umeota, mweusi kama masizi. Walileta feni mbili na mashine ya kunyonya unyevu hewani. Feni pekee, alisema mzee, hutoa maji ukutani na kuyaweka hewani, nayo hewa ikishiba huyarudisha ukutani, hasa mvua ikiwa inanyesha nje. Jioni ya kwanza kijana alimwaga karibu nusu ndoo ya maji kutoka kwenye ile mashine. Maji hayo yote yalitoka katika nyumba niliyokuwa nikiapa kwamba ni kavu!

Siku ya tatu walifungua shimo la maji taka nje ya jengo. Wapangaji walikusanyika, wengi wameziba pua, na mimi nilikuwa mbele, tayari na maneno yangu kwa mwenye nyumba. Kwanza ilionekana kwamba bomba la mvua kutoka paani lilikuwa limeunganishwa na bomba la maji taka. Hilo ni kosa kubwa. Mabomba ya maji taka ya Nairobi, yanayoteremka kuelekea Kariobangi na Ruai, hayakukusudiwa kubeba maji ya mvua, ambayo yana mifereji yake. Ukiyaingiza humo, bomba hushiba, na maji hutafuta shimo lililo chini kuliko yote. Shimo hilo lilikuwa bafu langu.

Nilikuwa nimefungua kinywa kumshambulia msimamizi wa jengo pale mafito ya kuzibulia yalipovuta kile kilichokuwa kimeziba. Yalitoka mafuta ya kupikia yaliyoganda kama mshumaa. Zikatoka nepi. Zikatoka sodo. Kisha likatoka tambara refu la pazia la maua ya buluu, limejifunga kama kamba. Pazia hilo nililishona mimi. Lilipozeeka nililichana likawa matambara ya deki, na ndoo ya deki kwetu humwagwa chooni, tambara likiwamo au lisiwemo.

Nilifunga kinywa.

Mwenye nyumba aliliondoa lile bomba la paani na akalipa nusu ya gharama, baada ya mabishano. Nusu yangu ilizidi kodi ya mwezi mmoja, ukiacha godoro. Ningaliwaita siku ile ya kwanza, kazi ingalikuwa ya siku chache zaidi na kabati lingalipona. Ndivyo wahenga walivyosema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Siku walipomaliza niliwakaribisha chai. Mzee alisita mlangoni. Akaniambia kwamba katika kazi yao wamezoea kupewa chai nje, katika vikombe ambavyo havirudi kabatini. Walinawa hadi kwenye viwiko, wakaketi mezani, tukanywa kwa vikombe vyetu vya kila siku. Nilivirudisha kabatini. Ni jambo dogo, lakini nalitaja kwa sababu watu hawa tunawaita tukiwa tumeshindwa, na wakishatuokoa tunawapita barabarani tukitema mate.

Mwanangu alirudi nyumbani baada ya siku sita. Sasa anacheza sakafuni kama kawaida yake. Karibu na choo chetu pana pipa lenye kifuniko, na mafuta ya kukaangia yaliyotumika hutiwa chupani yakatupwa na taka. Kila msimu wa mvua unapokaribia mimi hutoka nje na kuangalia kama shimo lile lina mfuniko wake.

Na wewe, msomaji, yakikufika usione haya kama mimi. Zima stima, watoe watoto, waambie majirani, mwite anayejua. Hospitalini ukiulizwa, sema kweli. Mficha maradhi, kilio humfichua, na mimi kilio changu kilikuwa cha mtoto asiye na machozi.