nWo ya Kadutu: wabaya waliochukua mikro



Tangu Hulk Hogan afariki huko Florida tarehe 24 Julai 2025, nimepokea ujumbe mwingi kuliko ninaopokea nikiandika juu ya bei ya unga. Wanaoandika ni watu wa umri wangu. Mmoja yuko Uvira kwa shemeji yake, mwingine Nakivale, wengine wako hapa hapa Panzi na Cimpunda, nyumba moja familia tatu. Wote wanauliza jambo lile lile. Hawaulizi juu ya Hogan wa njano na nyekundu, yule wa kuwaambia watoto wasali na wale vitamini. Wanamuulizia Hogan wa nguo nyeusi. "Unakumbuka kaseti za nWo?"

Nazikumbuka. Na kwa kuwa nimeulizwa, nitasema nilivyoziona, maana mimi nina maoni yangu juu ya wale wabaya. Watu wanasema ubaya wao ulikuwa kumpiga mtu mmoja wakiwa watano. Hiyo kila kundi la mieleka linafanya. Mimi nasema ubaya wao ulianza kwenye mikro.

Kwa watoto wetu ambao hawakuona, nieleze kidogo. Mieleka ya Wamarekani, ile sisi Bukavu tunaita kachi, ilikuwa na kampuni mbili kubwa zilizoshindana: WWF na WCW. Tarehe 27 Mei 1996, katikati ya pambano la WCW, mtu mmoja alitoka kwenye watazamaji, amevaa jinzi, akaruka kizuizi na kuingia ulingoni. Ni Scott Hall, ambaye watu walikuwa wamemzoea kwenye kampuni nyingine. Hakumpiga mtu. Aliomba mikro. Akasema watu wanamjua yeye ni nani, lakini hawajui kwa nini amekuja. Siku chache baadaye akaja Kevin Nash, mrefu kama mlingoti. Halafu wakatangaza kwamba wana mtu wa tatu.

Mtu wa tatu ni nani? Tarehe 7 Julai 1996, kule Daytona Beach, Hall na Nash walipigana na Sting, Lex Luger na Randy Savage. Luger alitolewa mapema, ameumia. Wawili waliobaki walipolala chini, Hogan akatokea. Watu wakapiga kelele ya furaha, mkombozi amefika. Mtangazaji mmoja tu, Bobby Heenan, ambaye miaka mingi alikuwa hampendi Hogan, ndiye aliyeuliza huyu anakuja kwa upande gani. Hogan akapanda ulingoni, Hall na Nash wakatoka nje, na yeye akamwangukia Savage kwa mguu wake, rafiki yake. Watazamaji walirusha makopo na vikombe mpaka ulingo ukajaa takataka. Hogan akasimama humo katikati ya uchafu, akasema kwenye mikro na kulipa kundi jina: New World Order. nWo.

Wakati ule nilikuwa na miaka sita na sikujua lolote. Bukavu ilikuwa imejaa wakimbizi wa Rwanda, na kabla mwaka haujaisha vita vya AFDL vilikuwa vimeshaingia mjini. Kaseti zilitufikia baadaye, wakati wa vita vya pili, zikiwa nakala ya nakala ya nakala. Mstari mweupe ulikuwa unapanda na kushuka kwenye picha, na sauti ilikuwa kama mtu anayeongea ndani ya ndoo.

Kwa hiyo sauti ilizimwa. Mwenye sine yetu ya video, kibanda cha mbao na mabati karibu na soko la Kadutu, alikuwa na kijana wa kutafsiri. Kiingilio kilikuwa bei ya mandazi mawili. Kijana alikaa kando ya televisheni na mikro iliyofungwa kwenye spika, na spika nyingine iliwekwa nje ili kuvuta wateja. Kiingereza chake kilikuwa kidogo sana. Lakini aliitazama kaseti mara nne au tano peke yake kabla ya kutuonyesha, na hiyo ni kazi ambayo waandishi wengi wa leo hawaifanyi.

Wote aliwapa majina. Scott Hall alikuwa Mwenye Kijiti, kwa sababu ya kijiti chake cha meno. Nash alikuwa Mrefu. Hogan, Mzee Sharubu. Sting alipoanza kukaa juu kwenye paa amejipaka uso mweupe, hasemi neno, akamwita Bwana Chokaa, na mpaka leo nikiona uso ule sisemi Sting. Hogan alipomwangukia Savage, kijana wetu alinyamaza kabisa, kisha akasema polepole, "Amekula pesa." Benchi zima lilipiga mayowe. Huko Marekani walieleza jambo hilo kwa saa nzima, sisi tulilielewa kwa maneno mawili.

Tulimwamini kuliko tulivyoamini taarifa ya habari. Wakati ule Radio Maendeleo iliwahi kufungwa na wakubwa wa RCD, na mjini watu waliokuwa na betri walikuwa wanatafuta RFI na BBC kwa siri ya kawaida, sauti chini, mlango umefungwa. Kwenye sine, mtu mmoja alikuwa anasema wazi nani anampiga nani.

Niliporudi kuzitazama zile kaseti nikiwa mkubwa, safari hii kwenye diski za *nWo: The Revolution* ambazo WWE iliuza mwaka 2012, ndipo niliona jambo ambalo utotoni halikunigusa. Angalia mambo haya yanavyofuatana. Kwanza Hall anaomba mikro. Kisha nWo wanaanza kupitisha matangazo yao ndani ya kipindi cha WCW, picha nyeusi na nyeupe zinazotikisika, na mwishoni sauti inasema kwamba tangazo hilo limelipiwa na nWo. Mwezi wa Agosti Hogan anachukua mkanda na kuupaka herufi tatu kwa rangi ya kupuliza. Lakini mkanda ni chuma na ngozi tu. Pigo lenyewe liko tarehe 18 Novemba 1996: Eric Bischoff, mtangazaji wa WCW, ambaye watazamaji walikuwa wamejua pia kwamba ndiye mkubwa wa kampuni, anajulikana kuwa ni wao. Mtu aliyekuwa anawaambia watu kinachoendelea alikuwa upande wa pili. Januari 1997 nWo wanafanya onyesho lao wenyewe, Souled Out, na mwamuzi ni wao, na watangazaji wote wawili ni wao, Bischoff na Ted DiBiase. Ukitazama onyesho lile hakuna wa kukuambia kwamba mwamuzi anaiba.

Mtazame mwamuzi akihesabu haraka kwa huyu na polepole kwa yule, huku watangazaji wanamsifu. Inachosha. Ni onyesho baya, mashabiki wenyewe wanasema hivyo, na mimi naona ndilo la kweli kuliko yote waliyofanya.

Sasa niwaambie kisa ambacho wenzangu wa benchi la mbele wanakijua, na ambacho wengine walikuwa wananiomba nikiandike.

Ilikuwa 2002, msimu wa mvua. Watu wawili wenye silaha waliingia kwenye sine. Sisemi ni wa kundi gani, na katika mji huu hata nikisema mtabishana. Walilipa vizuri, walilipia hata watoto waliokuwa wamesimama mlangoni. Walikaa, walicheka, walimpenda Mwenye Kijiti. Katikati ya kaseti mmoja akainuka, akamwinamia kijana wetu na kumwambia kitu. Mimi nilikuwa karibu, nilisikia. Alitaka atangaze, kwa sauti ile ile ya kachi, kwamba kijana anayetaka mikono kama hii ya kwenye televisheni, anayetaka buti na chakula, apite kesho mahali fulani kuandikishwa. "Wewe wanakusikiliza," alimwambia.

Kijana wetu aliitika kwa kichwa. Akainama kama anayetengeneza waya. Televisheni ikazimika, spika ikazimika, giza.

"Mafuta yameisha," akasema. "Watoto, nyumbani."

Jenereta ilikuwa imejaa. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyemshikia mpira wakati anamimina, saa moja kabla. Tulitoka. Tuliokuwa nyuma tulimsikia akiwahesabia wale wawili pesa zao ili awarudishie, akiwaita wakubwa, akiomba radhi kwa ajili ya mafuta.

Sine ilifungwa siku kumi na moja. Iliporudi kufunguliwa alikuwa anachechemea kidogo, akasema aliteleza kwenye tope la Funu. Akaanza kaseti pale pale tulipoiachia.

Wawili kati ya tuliokaa benchi la mbele siku ile walienda jeshini hata hivyo, miezi baadaye, kila mmoja kwa njia yake. Mmoja alirudi.

Kuna mtu atasema ninachanganya mchezo wa Wamarekani na mambo mazito. Lakini sisi ndio tulioyachanganya tukiwa watoto, hatukuwa na namna nyingine. Katika nchi yetu herufi tatu si mchezo: RCD, MLC. Jirani yetu alinunua triko nyeusi ya nWo kwenye mitumba, akasimamishwa kwenye kizuizi na kuulizwa hicho ni chama cha nani na kambi yao iko wapi. Alieleza kachi nusu saa, mvua inanyesha. Wakamwachia yeye, triko wakabaki nayo. Huko Marekani watu waliinunua ile fulana kwa sababu wabaya walikuwa wanapendeza, na hilo nalielewa, hata sisi tulichora herufi zile kwa makaa kwenye ukuta wa shule. Wabaya walikuwa na nguo nzuri, walicheka, hawakuwa na njaa. Mwema alikuwa Bwana Chokaa, peke yake juu ya paa, kimya mwaka mzima.

Mwisho wa nWo nitaupitia haraka kwa sababu hauna ladha. WCW iliwashinda WWF kwa idadi ya watazamaji wiki 83 mfululizo. Desemba 1997, Sting alimshinda Hogan, lakini kwa ushindi uliovurugika: mwamuzi alitakiwa kuhesabu haraka, akahesabu kawaida, na mambo yakawa fujo. Kundi likakua mpaka karibu kila mtu akawa ndani, halafu likagawanyika, wenye herufi nyeupe na wenye herufi nyekundu. Tarehe 4 Januari 1999 Hogan alimgusa Nash kifuani kwa kidole, Nash akaanguka, mkanda ukabadilika mikono, na wote wakakumbatiana. Usiku huo huo mtangazaji wa WCW, Tony Schiavone, aliagizwa awaambie watazamaji kwa dharau nani atashinda kwenye chaneli nyingine. Watazamaji wengi sana wakahamia huko kumwona. Machi 2001 WCW iliuzwa, na aliyeinunua ni WWF, adui wake. Ndiyo sababu diski zile za 2012 zinauzwa na mshindi, na ukizitazama ujue nani ameshika mikro.

Mimi niliingia kazi hii baada ya kumaliza sekondari na mafunzo ya uandishi wa habari. Nilikuwa kijana wakati Serge Maheshe wa Radio Okapi alipopigwa risasi hapa mjini, tarehe 13 Juni 2007, na Didace Namujimbo wa redio hiyo hiyo tarehe 21 Novemba 2008. Mama aliniuliza kama hakuna kazi nyingine. Kuhusu mambo ya tangu Februari 2025, sitaandika hapa. Mnajua mnachosikia na mnachoacha kusikia.

Kijana wa sine simjui aliko. Juni 2004, siku zile mji ulipoporwa, televisheni, spika na mashine ya kaseti vyote vilibebwa. Kibanda kilibaki mbao, halafu hata mbao zikaondoka. Wengine wanasema alivuka kwenda Burundi, wengine wanasema yuko Kampala na ana watoto wakubwa. Sauti yake haimo kwenye kaseti yoyote, maana alisema papo hapo na hakuna aliyerekodi. Ukizipata zile kaseti leo utamsikia Schiavone.

Basi nina ombi. Mliokaa kwenye benchi lile kati ya 2000 na 2004, popote mlipo, nitumieni majina aliyowapa wale watu. Mimi nina manne tu: Mwenye Kijiti, Mrefu, Mzee Sharubu na Bwana Chokaa. Nakumbuka Savage alikuwa na jina la kuchekesha sana, linahusu kofia yake. The Giant pia alikuwa nalo. Tumeni hata ujumbe wa sauti, nitaandika.