Ng'Ang'A na Arap: herufi kubwa si mapambo

Nimekuwa kimya wiki mbili hivi, kazi zimenibana. Leo tuzungumze juu ya herufi kubwa, jambo ambalo sisi watengenezaji programu hulipita tu.

Kikundi kimoja cha wafugaji hapa Yamumbi kilinipa orodha ya wanachama kwenye Excel ili nikiundie mfumo wa malipo ya maziwa. Majina yote yalikuwa kwa herufi kubwa tupu, kama kwenye kitambulisho. Mwenyekiti alitaka yatoke vizuri kwenye risiti: kubwa mwanzoni, ndogo kwingine.

Rahisi, sivyo? Python ina amri ya title(). Ipe NG'ANG'A uone: inarudisha Ng'Ang'A! Kwake, ritifaa inamaliza neno, kwa hiyo herufi inayofuata inaanza neno jipya. Sisi tunajua ng' ni sauti moja.

Dawa ipo. Amri ya string.capwords() hukata maneno penye nafasi tu, na Ng'ang'a anatoka salama. Sasa ipe KOITALEL ARAP SAMOEI, yule kiongozi wa Wanandi aliyeuawa mwaka 1905. Itakupa Koitalel Arap Samoei. Huku kwetu arap maana yake ni "mwana wa", na kwa kawaida huandikwa kwa herufi ndogo, sawa na "wa" katika Ngũgĩ wa Thiong'o. Mzee mmoja nilipomuuliza alinijibu, "Arap si jina, kijana. Jina ni la baba yangu."

Ningeweza kuamuru arap na wa ziwe ndogo daima. Lakini kuna familia ambazo huandika Wa kwa herufi kubwa, na hiyo ni haki yao. Kwa kompyuta, A ni 65 na a ni 97. Kupandisha zote ziwe kubwa ni kazi ya sekunde moja. Kuzirudisha ni kubahatisha, maana habari imeshapotea.

Kwa hiyo niliongeza safu moja: jina kama mwenyewe anavyoliandika. Kila mwanachama alithibitisha lake alipoleta maziwa. Wakati wa kutafuta, mfumo hulinganisha nakala za herufi ndogo, na lile la mwenyewe haliguswi.

Ushauri wangu: ukijenga fomu, usilazimishe herufi kubwa. Hifadhi jina kama lilivyoandikwa. Mwenye jina ndiye anayelijua.

Haya, tukutane wiki ijayo.