Mzingile wa Mji Mkongwe na Gauni la Bibi Harusi



Mmetuzoea kwa magauni na mabaibui, leo tuna habari ya kompyuta. Msitukimbie mabibi harusi, inawahusu.

Sisi ni madada wawili, cherehani zetu ziko Mji Mkongwe. Huku gauni la harusi halifiki mlangoni kwa gari, hubebwa mikononi kupitia vichochoro. Msichana wetu mpya katoka Pemba, bado hajavizoea. Mtoto wa kiume wa dada yetu mkubwa, anayesomea kompyuta, akatuambia: "Mamdogo, nichoreeni mtaa, programu yangu itamtafutia njia."

Tukachukua daftari la hesabu lenye miraba. Kila mraba ni herufi moja: ukuta ni alama ya reli, njia ni nukta, duka ni A, nyumba ya bibi harusi ni B. A moja tu na B moja tu. Mistari yote iwe na urefu mmoja, kama mikono miwili ya gauni. Ukingo wote uzungushiwe ukuta, kama pindo, programu isije ikatoka nje ya karatasi.

Kompyuta husoma mstari kwa mstari. Kisha huanzia A, ikahesabu miraba ya hatua moja, ya mbili, ya tatu, ikisambaa kama maji ya mvua mpaka ifike B. Edward F. Moore wa Marekani alichapisha maelezo ya njia hiyo mwaka 1959. Mwaka huohuo Edsger Dijkstra wa Uholanzi alichapisha yake, inayojua pia kuwa njia nyingine ni nzito kuliko nyingine. Aliifikiria mwaka 1956 mjini Amsterdam, akinywa kahawa na mchumba wake baada ya kuchoka kuzunguka madukani. Mnaona, kuzunguka madukani kuna faida!

Basi programu ikaleta njia fupi. Tukaitazama: inapita uchochoro ambao sisi wanawake hatupiti peke yetu baada ya Isha. Taa hakuna, na maneno ya vijana wa barazani hayasikiliziki.

"Lakini Mamdogo, pako wazi," akasema.

"Kwako wewe mwanamume. Kwa msichana aliyebeba gauni usiku, huo ni ukuta."

Akanyamaza, kisha akatupa kalamu. Tukaandika ramani ya pili, ya usiku. Nukta za uchochoro ule hatukuzifuta, tuliziandika reli mojamoja ili mistari isipungue. Njia mpya inazunguka kidogo, lakini ina taa na maduka yaliyo wazi.

Kwa hiyo mpenzi, ukitoa oda, usitupe jina la mtaa peke yake. Tuambie na saa unayotaka gauni lifike, na wapi mwenyewe usingepita saa hiyo. Gauni ni amana, na msichana anayelibeba ni amana kubwa zaidi.

Allah awajaalie ndoa zenye kheri.